Robo ya Mzunguko

Machi 9

Mvua imeanza leo tukiwa tunapakia lori la pili. Msimamizi alitupigia kelele tufunike saruji kwanza, sisi baadaye. Si kwamba hana utu. Mfuko ukilowa hauna dawa, mtu akilowa anakauka.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya mke wangu. Kila akipiga simu namwambia huku kwema. Juzi alichoka, akasema, "Huko kwenu kwema tu, hata paka hakanyagwi?" Nilicheka, lakini baada ya simu kukatika nilijaribu kuikumbuka wiki yangu, sikukumbuka kitu. Mifuko tu. Basi nitakuwa naandika. Shule niliiacha njiani na mwandiko wangu si wa kujivunia, ila kusema nilichokiona naweza.

Ninakaa chumba cha uani. Nyumba kubwa ni ya Mzee na Mama. Mzee alikuwa fundi wa mabasi mpaka alipostaafu. Mama alikuwa akishona sare za shule, sasa macho hayamruhusu. Kati ya mlango wangu na mlango wa jiko lao kuna banda la mabati, na chini ya banda kuna gari la Mzee, la rangi ya maziwa, taa za mviringo, mgongo wa duara kama kobe. Limenizidi umri. Halijatoka getini tangu nihamie hapa, lakini kila asubuhi linaunguruma, na moshi wake wote unaingia chumbani kwangu kama mgeni asiyebisha hodi.

Machi 10

Mvua. Lori moja.

Machi 12

Mvua. Hakuna lori. Nimelala mpaka kiuno kikauma kwa kulala, badala ya kuuma kwa kubeba.

Machi 13

Leo tena hakuna lori. Nilikuwa mlangoni napiga mswaki, Mzee akaniita bila kutoa kichwa chini ya boneti.

"Wewe Saruji! Umefukuzwa kazi?"

"Hakuna lori, Mzee. Mvua."

"Njoo ushike taa. Kushika taa hakutaki akili, utaweza."

Nikamwambia kwamba kabla ya kuja huku niliwahi kufanya kazi gereji. Akaniangalia mikono, imepasuka kwa saruji kama udongo wa kiangazi.

"Gereji gani? Ya mikokoteni?"

Nilimsikia Mama akicheka jikoni. Sikufurahi. Mtu mzima unaitwa Saruji na unachekwa hata kabla ya chai.

Nikashika taa. Mzee alichana kipande cha kasha la kiberiti, akapima nacho nafasi ya pointi, pale cheche zinapoanzia, akarudisha kifuniko, akaniambia niwashe. Gari likawaka likitetemeka kama mtu mwenye homa. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Kisha akashika skrubu moja ya kabureta, ile inayopima mafuta na hewa, akaizungusha kidogo sana, kwenda, kurudi. Mtetemo ukaisha. Injini ikatulia, ikawa inavuta pumzi taratibu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Hujaona. Ungeona usingesimama umeachama mdomo."

Kilichonishangaza ni kwamba ni Mzee huyuhuyu ambaye juzi jioni alimuuliza Mama kama wao walijaliwa watoto. Wana mmoja, wa kiume, anafanya kazi mji mwingine, na picha yake iko ukutani juu ya redio. Mzee huyuhuyu hutia chumvi kwenye chai na hutoka nje na viatu viwili tofauti. Lakini akishainama juu ya injini anajua kila kitu. Na akimaliza, akili hiyo haiondoki mara moja. Inabaki naye mpaka baada ya chakula cha mchana: anamtaja mwanawe kwa jina, anauliza habari za majirani, ananitania. Jua likishuka, naye anashuka.

Machi 17

Mwana wao amepiga simu. Mama huweka sauti ya juu kwa kuwa anaamini simu inaunguza sikio, kwa hiyo uani tunasikia sote.

"Mama, mvua zikiisha nakuja. Daktari ameshanieleza. Nikimkuta Baba hanijui, siwaachi hapo. Mtakuja kukaa kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne."

"Kuna lifti, Mama."

"Na gari? Nalo litapanda lifti?"

"Gari liuzwe tu, Mama, tutafanyaje?"

Mama akasema, "Njoo. Utamkuta anakujua," akakata. Aliponiona namtazama akaniambia, "Nini? Kunywa chai yako."

Mzee yeye alikuwa kwenye ngazi, anakwangua kutu kwenye nati na kuipuliza. Sijui kama alisikia.

Nimefikiri sana leo. Hawa wakiondoka, nyumba itafungwa na mimi nitatafuta chumba kingine. Lakini si hilo tu. Nimekaa huku na watu wanaoniita "wewe wa mifuko" au "wewe wa zamu ya pili". Mzee ananiita Saruji, na anajua ni mimi. Nimeamua: mvua zikiisha gari hili litakuwa linatembea. Mwana akija amkute baba yake nyuma ya usukani, amkute mzima, aone haya.

Machi 18

Nimempigia mwana wao, namba nilipewa siku nilipopanga chumba. Nimemweleza. Amefurahi. Ananiita ndugu yangu. Atatuma vifaa kwa basi.

Machi 21

Nimeshinda chini ya gari. Mabomba ya breki yameoza yote. Sakafu upande wa abiria imeliwa na kutu, unaweza kuchungulia ardhi. Mzee alipiga magoti, akaingiza kichwa, akasema, "Ukikuta pango huko chini usiingie, tutakukosa." Nimeanza kuizoea mikato yake ya maneno. Naisubiri, kusema kweli.

Machi 24

Kuna jambo silielewi. Jana Mzee alitengeneza injini ikawa safi kabisa. Mchana niliiwasha mwenyewe, safi. Leo asubuhi inatetemeka, inazimika. Mzee akainama, bisibisi sikioni, akaipata. Safi tena.

Machi 25

Leo tena.

Machi 26

Leo tena. Nikamuuliza Mzee haoni ajabu. Akasema gari hili ni kama mkewe, kila asubuhi lina neno jipya. Mama akamrushia kitambaa cha vyombo.

Machi 30

Jioni nimerudi kazini nimemkuta Mama kwenye banda, boneti imefunguliwa, ana kitambaa mkononi.

"Shikamoo, Mama. Unatafuta nini humo?"

"Marahaba. Nafuta vumbi."

"Vumbi la wapi, Mama, na mvua yote hii?"

"Wewe nenda kaoge, unanuka gunia."

Mzee alikuwa bafuni, anaimba. Nikaenda kuoga.

Aprili 2

Nimemwambia Mama tununue kabureta nyingine, hii imechoka, skrubu yake nadhani imeliwa meno, injini ikitikisika inajilegeza yenyewe. Mwanawe yuko tayari, hana shida. Mama amekataa katakata.

"Ya zamani inatosha."

"Haitoshi, Mama. Kila siku asubuhi Mzee anahangaika."

"Nani kakwambia anahangaika?"

Nikarudi kwenye gari. Lakini niandike ninachofikiri, daftari ni langu: huyu mama ni mgumu. Mume anadhoofika, mwana anatoa kwa moyo, na yeye anakatalia kitu kidogo kama kabureta. Labda hataki Mzee atoke getini. Kuna wake wa namna hiyo, wanapenda mume awe mahali wanapomwona.

Aprili 5

Breki zimeshika. Nimeziba sakafu kwa bati nene, nimepaka rangi. Injini asubuhi: mbaya. Mchana: nzuri. Nimechoka nayo.

Nimempigia mwana wao, nimemwambia ukweli wangu wote. Nimesema injini hii imefika mwisho, itamwaibisha baba yako njiani. Akaniuliza kuna njia gani. Nikasema watu siku hizi wanatia injini ya gari la kisasa kwenye magari ya zamani, hazina kabureta, hazina pointi, hazitaki kurekebishwa. Unawasha, unakwenda.

"Basi hiyo," akasema. "Hiyo hasa."

Aprili 8

Mzee amelazwa. Kifua. Jana alinyeshewa akitafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake. Mama yuko naye hospitali usiku na mchana. Mwana anataka kuja, Mama amemkataza, amesema daktari anasema si kitu kikubwa, asubiri mvua ziishe kama alivyopanga.

Uani kimya. Nimeamka asubuhi bila moshi, nikajiona kama nimelala nyumba ya watu.

Aprili 9

Mwana wao kanipigia. Anasema huu ndio wakati: Baba arudi akute gari jipya ndani ya gari lake, furaha imponye. Injini ameshaipata kwa mtu anayeuza za mitumba, na fundi wa kuifunga ameshaongea naye. Nikauliza kama Mama ajue. Akasema, "Unamjua Mama, atakataa. Akikuta imefungwa ataizoea."

Nikasema ndiyo, namjua.

Aprili 12

Injini imefungwa. Fundi alikuja na msaidizi na mnyororo wa kuinulia, kazi ilichukua siku mbili. Mnyororo ulipoipandisha ile ya zamani, ikaning'inia ikidondosha oili, fundi alisema, "Hii imetunzwa, lo." Nilisikia neno hilo. Nililisikia vizuri na bado nikamsaidia kuisukuma mpaka getini, ambapo wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameegesha. Kabureta ilikuwa bado juu yake.

Gari sasa linawaka kwa mguso. Hakuna moshi. Hakuna kelele. Nililiendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, watoto wananikimbilia, nikapiga honi. Niliona fahari ambayo sijaipata tangu nije huku. Nilimpigia mke wangu nikamwambia leo nina habari. Alicheka, akasema, "Kumbe paka kakanyagwa."

Aprili 16

Nataka kuandika polepole.

Mzee ameruhusiwa leo. Teksi iliwashusha getini kabla ya mchana, Mama amemshika kiwiko. Amekonda, lakini alipoliona banda alinyoosha mgongo na akaongeza mwendo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari, nimelipangusa mpaka linang'aa, nimevaa shati langu la kusafiria.

"Saruji," akasema. "Hujaniibia spana?"

"Zote zipo, Mzee. Na kuna jambo nataka ulione."

Nikafungua boneti.

Aliinama kama anavyoinama siku zote, mkono wa kulia ukaenda wenyewe mahali pa kabureta. Haukukuta kitu. Ulikuta mfuniko wa plastiki, mweusi, laini. Aliupapasa, akaupapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba cha wenyewe. Akapeleka mkono kwenye pointi. Hakuna pointi. Akatoa kichwa, akasoma namba ya gari, akarudi kutazama ndani.

"Hili la nani?"

"La kwako, Mzee. Mwanao kakutilia injini mpya. Sikiliza."

Nikawasha. Linawaka huwezi kujua limewaka. Akaomba bisibisi yake, nikampa. Akaiweka kwenye ule mfuniko, mpini sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa natabasamu kama mjinga nikisubiri asifie. Alipofumbua macho hakunitazama kwa hasira. Afadhali angekasirika. Alinirudishia bisibisi kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu kitu chake ulichoazima.

"Samahani, bwana," akasema. "Nimekosea gari."

Akazunguka banda. Akatazama nyuma ya pipa la maji. Akaenda upande wa pili wa nyumba, tukasikia viatu vyake kwenye kokoto, akarudi. Akamuuliza Mama, "Wameliegesha wapi?"

Mama alikuwa bado ameshika mfuko wa dawa. Alilitazama gari, akanitazama mimi. Alimshika Mzee mkono, akamwingiza ndani.

Aprili 17

Mama amenigongea asubuhi. Mvua ilikuwa kubwa, mabati yanapiga kelele, ilibidi akae kwenye kiti changu kimoja na mimi kitandani, karibu, ili tusikilizane.

"Ilikuwa mimi," akasema.

"Nini, Mama?"

"Ile skrubu. Kila jioni akienda kuoga. Robo ya mzunguko tu. Leo kushoto, kesho kulia, asije akazoea."

Sikuelewa. Nilifikiri naye ameanza kupotelewa. Akaona usoni kwangu.

"Usinitazame hivyo, akili ninazo. Ile kabureta alinifundisha yeye mwenyewe, zamani hizo ananifuatafuata. Hakuwa na maneno matamu yule, wenzake wanawaimbia wasichana, yeye kanifundisha kabureta." Alitaka kucheka, hakuweza. "Mwaka jana, kabla hujahamia, siku moja gari liliamka zima. Hakuna cha kurekebisha. Alikaa kwenye ngazi kutwa nzima na mikono mapajani. Jioni akanishika mkono akaniuliza mimi ni nesi wa wodi gani. Kesho yake nikalitibua mwenyewe. Akaamka, akalisikia bovu, akakunja mikono ya shati. Mchana akaniita jina langu. Tangu siku hiyo sikuacha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe? Unaongea na mwanangu kila Jumapili mmekuwa kama mapacha. Ungemwambia mama yako anaharibu gari kwa makusudi. Angesema wote wawili wamepotelewa na akili, angekuja wiki hiyohiyo." Akanigeukia. "Na wewe kwa nini hukuniuliza? Uliniona siku ile na kitambaa. Ungeniuliza mara ya pili ningekuambia."

Ningejibu nini? Kwamba niliona ni mchoyo? Kwamba niliandika humu ni mke anayependa mume afungiwe? Nilitazama chini. Sakafu yangu ina ufa mrefu unaotoka mlangoni mpaka miguuni pa kitanda, nimeishi nao muda wote huu na leo ndiyo mara ya kwanza nimeufuata wote kwa macho.

Akasimama. Mlangoni akasema, "Mwanangu usimwambie. Ana mzigo wa baba tayari."

Aprili 18

Sikwenda kazini. Nimekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Uwanja wao ni tope mpaka kwenye vifundo. Yule wa mizani alinikumbuka.

"Injini ya gari la kobe? Chuma kizuri kile. Tumeshaivunja."

"Yote?"

"Sasa ungetaka tuivunje nusu?"

"Na kabureta?"

"Vitu vyepesi huondoka Jumatatu, kaka. Saa hizi ni sufuria."

Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, sijui kwa nini. Nikatembea mpaka nyumbani kwa mguu, mvua inanipiga usoni, wala sikukimbia.

Aprili 20

Nimepata kabureta ya aina ileile kwa fundi mmoja, iliyokufa. Nimempa Mzee juu ya gazeti, mezani. Akaifungua yote, akaipangusa, akaifunga, mikono haikukosea mahali. Kisha akanirudishia. "Iko sawa, bwana." Ndiyo hivyo. Bila injini haina sauti, na yeye anafanya kazi kwa sauti.

Aprili 21

Ameniita bwana tena.

Aprili 23

Malori matatu leo. Niliomba na zamu ya pili. Kubeba ni afadhali.

Aprili 26

Asubuhi Mzee hutoka, amekunja mikono ya shati. Anasimama mbele ya gari. Anaangalia getini kama anayengoja mtu amletee kitu. Halafu anafungua mikono ya shati, kifungo kimoja kimoja, anarudi ndani. Huwa nimeshaamka wakati huo. Natazama kutoka dirishani, sitoki mpaka aingie.

Aprili 28

Leo nimefanya jambo la aibu. Alfajiri nimechomoa waya mmoja wa injini mpya, nikitegemea Mzee akute ubovu aushughulikie. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na gari likagoma kabisa, kimya, hata kutetemeka halikutetemeka. Mzee akafungua boneti, akatazama lile boksi jeusi. Akageuka kwangu kwa upole, kama fundi anayempa mteja habari mbaya.

"Hapa hamna pa kushika, bwana. Lipeleke kwa wenye nalo."

Mama alikuwa mlangoni na kikombe. Akaniambia, "Acha. Rudisha waya wa watu." Lakini alinipa kile kikombe. Tangu siku ile ya chumbani kwangu hajanigombeza hata mara moja. Namna anavyobandika chai, anavyokata kucha za Mzee huku akimsimulia habari za mabasi ya zamani apate hata jibu moja, nimeanza kuona kazi aliyokuwa anaifanya mwaka mzima bila mtu kujua. Na mimi nilimwita mgumu.

Mei 3

Mvua inapungua. Zamani ningefurahi.

Mei 5

Jua. Nguo zote za mtaa ziko kwenye kamba. Mzee amemuuliza Mama yeye ni nesi wa wodi gani.

Mei 8

Hakuna la kuandika.

Mei 11

Mwana wao amefika. Ni mtu mpole, amevaa viatu vizuri, alikanyaga tope bila kujali. Amenikumbatia, ndugu yangu, ndugu yangu. Akaenda moja kwa moja kwenye ngazi.

"Shikamoo, Baba."

Mzee akainuka kwa heshima, akampangusia nafasi ya kukaa kwa kiganja.

"Marahaba. Karibu. Umetoka mbali?"

"Baba, ni mimi."

"Ndiyo, karibu sana. Mama, mletee mgeni maji."

Mwana alikaa, akanywa yale maji yote, akamuuliza baba yake habari za mvua. Wakaongea kuhusu mvua. Kisha akaja nyuma ya banda, kwenye bomba, akafungua maji akanawa uso, akanawa tena, muda mrefu. Mimi nilisimama na taulo langu mkononi.

"Hali hii tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu atoke hospitali."

"Hospitali huwatibua wazee. Daktari alinionya." Akafuta uso, akalitazama gari. "Angalau hili tulilifanya vizuri. Si ndiyo? Hili tulilifanya vizuri kabisa."

Niliona Mama akitutazama kutoka jikoni. Alitikisa kichwa kidogo.

"Ndiyo, kaka," nikasema.

Nilianza daftari hili nikijisifu kwamba kusema nilichokiona naweza. Leo nimesema neno moja la uongo na najua nitakwenda nalo kaburini.

Mei 12

Wanafungasha. Gari wataondoka nalo, mwana amebadili mawazo, anasema limekuwa zuri mno kuuzwa. Nyumba itapangishwa kwa familia. Mimi nimepewa mwezi huu wote nitafute. Mama ameniachia kiti kimoja na birika.

Alinikabidhi akasema, "Usikae unajipiga. Ulitaka heri." Nikamwambia nilitaka kusifiwa, Mama. Akafikiri kidogo. "Na hilo pia," akasema. "Wote tulinyamaza mahali pa kusema, mwanangu. Mimi na wewe." Hajawahi kuniita mwanangu kabla ya leo.

Mei 14

Wameondoka asubuhi, hakuna wingu.

Mwana alikaa nyuma ya usukani, Mama mbele kando yake, Mzee nyuma peke yake na blanketi magotini. Gari likawa limewaka, huwezi kujua limewaka. Nilikuwa napangusa kioo cha nyuma kwa mkono wa shati, si kwamba kilikuwa kichafu. Mzee akashusha dirisha, taratibu, akiangalia jinsi mpini unavyozunguka.

"Gari lako zuri, bwana. Halina kelele."

"Ahsante, Mzee."

"Mimi pia ninalo langu. La zamani." Akasogea karibu na dirisha, akapunguza sauti ili walio mbele wasisikie. "Linanisumbua kidogo asubuhi. Si ubovu, ni tabia yake tu. Wewe unaonekana mtu wa kazi. Siku ukipata nafasi pita, tuliangalie pamoja."

Mama alikuwa anatazama mbele, mkoba ameukumbatia.

"Nitapita, Mzee."

"Njoo mapema."

"Nitakuja mapema."

Mwana akaingiza gia. Gari likaanza kusogea na mimi nikawa natembea kando yake, mkono wangu uko kwenye dirisha, mpaka getini. Mzee akakumbuka jambo, akatoa kichwa nje.

"Nyumba unaijua?"

Mlango wa nyumba yao ulikuwa bado wazi mgongoni kwangu. Nikamwambia naijua.